Hofu ya Arusha kwenye mswaki wa Dar

Kuna klipu inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dar es Salaam. Mtu ameshika boksi la dawa ya meno kutoka Marekani, anasoma onyo kwamba mtoto akimeza dawa nyingi apelekwe haraka kwa wataalamu wa sumu, kisha anauliza kwa nini tunawapa wanetu sumu asubuhi na jioni. Anachokiita sumu ni floraidi, madini yanayotiwa kwenye dawa ya meno ili kulinda meno yasitoboke. Nimetumiwa mara tatu. Mara ya mwisho aliyenitumia ni jirani yangu wa Tabata, mama wa watoto wawili, na yeye hakuishia kusambaza. Dawa ya meno imeondoka nyumbani kwake. Watoto sasa wanasugua kwa unga wa mkaa na chumvi.

Onyo lile ni la kweli; Marekani imewataka watengenezaji waliandike tangu 1997. Ila ugomvi mkubwa wa Wamarekani ni juu ya maji. Mji wa Grand Rapids ulianza kutia floraidi kwenye maji ya bomba mwaka 1945, miji mingi ikafuata, na leo kiwango kinachopendekezwa huko ni miligramu 0.7 kwa lita. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yalipiga marufuku jambo hilo. Kelele hizo zinaingia kwenye simu zetu, na anayesikiliza akiwa Mbagala anadhani ni maji yake yanayozungumzwa. Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, na hakuna anayeyatia floraidi.

Hata hivyo siwezi kumwambia jirani yangu kwamba hofu yake ni upuuzi, kwa sababu amekulia chini ya Mlima Meru. Huko floraidi haitiwi na mtu, inatoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima. Ameona wenzake wa darasani wakificha meno ya kahawia wakicheka. Ameona miguu iliyopinda. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande yanaongeza floraidi hiyo hiyo. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi kutafuta namna ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, wakati kwa muda mrefu viwango vyetu vya muda viliruhusu hadi 8. Na mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilitoa ripoti inayohusisha maji yanayozidi 1.5 na kushuka kwa uwezo wa akili wa watoto. Kuhusu 0.7, ripoti hiyo ilisema ushahidi hautoshi.

Kwa hiyo mtaalamu anayepanda jukwaani na kutangaza tu kwamba "floraidi ni salama" anampoteza mtu kama jirani yangu kwa sentensi moja. Dar imejaa watu wa Meru, Hai na Singida ambao macho yao yamewaambia vinginevyo. Akishaona amedanganywa kwenye hilo, ya mkaa atayapokea bila kuuliza. Kosa hilo nalilaumu kuliko klipu yenyewe.

Upande wa pili, ule wa faida ya floraidi, una nguvu zaidi, na nguvu yake iko kwenye kiasi. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa tindikali, tindikali inanyonya madini ya jino, mate yanayarudisha taratibu. Floraidi inasaidia kuyarudisha na kulifanya gamba la jino ligome zaidi. Mtoto wa Dar anayelamba barafu za ubuyu, pipi na juisi kutwa anahitaji msaada huo kweli. Mkaa unasugua tu, tena ukiwa na chembe ngumu unakwangua gamba. Chumvi haizuii jino kutoboka. Mswaki wa mti unaondoa ukoga vizuri, nauheshimu, ila peke yake hauleti floraidi ya kutosha.

Sasa hesabu ambayo klipu haifanyi. Chukua boksi lililoandikwa 1450, yaani miligramu 1450 za floraidi kwa kila kilo ya dawa. Inatisha ukiilinganisha na 1.5 ya maji, lakini hakuna anayekula kilo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anawekewa dawa kiasi cha punje ya mchele, kama sehemu ya kumi ya gramu. Akiimeza yote, asubuhi na jioni, hafikishi miligramu 0.3. Ukimjazia mswaki mpaka ncha, hiyo ni gramu nzima au zaidi, na akimeza amepata floraidi ya lita nzima ya maji yaliyo kwenye ukomo. Yale madoa ya kahawia huanza jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo hatari ni kwa hao wadogo.

Sidai kwamba uvumi ndio unaoozesha meno ya mji huu. Sukari inafanya kazi kubwa zaidi, na wengi wetu tunamfuata daktari wa meno pale tu jino linapotunyima usingizi, tukitaka ling'olewe. Lakini uvumi huu unaniuma kwa sababu unampata mzazi mwangalifu, yule ambaye tayari alikuwa anasimamia mswaki kila usiku.

Jumapili nilimfanyia jirani hesabu hiyo jikoni kwake. Alichukua punje ya mchele kwenye ungo, akaiweka kiganjani.

"Kaka, hii tu?"

"Hii tu, dada. Akifika miaka mitatu, kama punje ya choroko iliyonona, na umfundishe kutema."

"Mbona kwenye matangazo wanajaza mswaki mzima?"

Hilo nalipeleka kwa wanaouza. Maelezo ya kiasi yako kwenye boksi kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa lugha ya kigeni, na picha ya mbele inaonyesha mswaki uliojaa.