Piano ya chuma ilishinda, lakini ilishinda nini?

Mwaka 1801 Beethoven alitunga sonata, kipande cha muziki wa piano chenye sehemu kadhaa, ambayo baadaye watu walikuja kuiita ya Mwanga wa Mwezi. Mwanzoni kabisa aliagiza sehemu yote ya kwanza ichezwe bila vizuia-sauti kugusa nyuzi, yaani kile tunachokifanya leo kwa kukanyaga pedali ya kulia. Jaribu kutii agizo hilo kwenye piano ya kisasa bila kuiachia pedali: hata ukurasa haujaisha, sauti zimerundikana na wimbo umezama kwenye uvumi. Kwenye piano ya Vienna ya enzi yake agizo linatekelezeka, kwa sababu sauti hufifia upesi. Walimu wa leo hulizunguka kwa kumfundisha mwanafunzi kubadilisha pedali kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inapobadilika. Kwa maneno mengine, chombo kimeboreshwa hadi mtunzi hatiiki tena.

Wanaoitetea piano ya kisasa huanzia mbali zaidi, na wana haki. Bartolomeo Cristofori, fundi wa familia ya Medici mjini Florence, alikuwa tayari ameunda piano kufikia mwaka 1700. Hapsikodi, kinanda kilichokuwapo kabla yake, hukwanyua nyuzi. Ubonyeze kwa nguvu au taratibu, sauti ni ile ile. Cristofori aliweka nyundo mahali pa kikwanyuo. Kazi ngumu ilikuwa kuifanya nyundo ipige uzi kisha iachane nao papo hapo, ingawa kidole bado kimekandamiza kibonye. Aliimaliza kazi hiyo vizuri kiasi kwamba wazo lake bado limo ndani ya kila piano. Kati ya piano zake, tatu zimebaki, na ile ya 1720 inayohifadhiwa New York ina vibonye 54. Ya leo ina 88.

Kwa watetezi hawa, yote yaliyofuata ni kuondoa vikwazo kimoja baada ya kingine. Mwaka 1821 Sébastien Erard wa Paris alipata hataza ya mtambo unaoiweka nyundo tayari kupiga tena kabla kibonye hakijarudi juu kabisa, na vidole vyepesi vikapata uhuru wa kurudia noti kwa kasi. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa mti. Ukitaka sauti kubwa unahitaji nyuzi nene zilizokazwa sana, na fremu ya mbao hujikunja. Mpiga piano Franz Liszt alijulikana kwa kukata nyuzi jukwaani, watu wakashangilia, lakini kwa fundi hiyo ilikuwa aibu. Alpheus Babcock wa Boston alisajili mwaka 1825 fremu ya chuma cha kusubu ya kipande kimoja. Jonas Chickering akailetea piano kubwa fremu ya namna hiyo mwaka 1843. Na mwaka 1859 kampuni ya Steinway ikapata hataza ya kupitisha nyuzi za besi juu ya nyingine, zikikatizana ndani ya piano kubwa. Leo mvuto wa nyuzi zote za piano ya ukumbini hufikia takriban tani 20. Bila chuma, hakuna Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano Mrusi, akishindana na okestra mbele ya watu elfu mbili.

Hoja hiyo siwezi kuipinga. Ninachokipinga ni neno “kuboresha” linapotumika bila kuuliza: kwa ajili ya ukumbi gani? Piano za Vienna alizozipenda Mozart zilikuwa na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi na vibonye vinavyoitikia mguso mwepesi. Kila eneo lilikuwa na rangi yake: besi iliyokauka na kusikika wazi, katikati kama mtu anayeongea, juu kukiwa na mlio mkavu unaozimika haraka. Nyuzi zinazokatizana na nyundo za felti (sufi iliyoshindiliwa) zilileta sauti nene iliyo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Usawa huo ni fadhila kwa mtunzi wa 1890. Kwa Mozart unamfuta. Mwaka 2015 mpiga piano na kiongozi wa okestra Daniel Barenboim, ambaye hakuna wa kumwita mpenda makumbusho, alizindua piano mpya iliyoundwa na fundi Mbelgiji Chris Maene, yenye fremu ya chuma lakini nyuzi zimenyooshwa sambamba kama zamani. Mtu haombi tena kitu ambacho hakikupotea.

Kuna gharama nyingine ambayo pande zote mbili hupenda kuiruka, na sisi wa pwani hatuna ruhusa ya kuiruka. Piano nyingi za Vienna zilikuwa na vibonye vikuu vya mti mweusi. Kiu kubwa ya pembe za ndovu ilikuja na piano ya kiwandani. Wamarekani walitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wao akawa Zanzibar. Pembe zilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na wapagazi wa kulipwa pamoja na watumwa, katika misafara ya kina Tippu Tip. Zikapakiwa Unguja, nyingi zikaishia Deep River na Ivoryton, miji midogo ya Connecticut iliyokuwa ikizipasua kuwa vipande vyembamba na kuvianika juani ndani ya nyumba za vioo ili viwe vyeupe. Pembe za pwani yetu zilisifiwa kwa ulaini. Mpaka leo wapo wapigaji wanaolalamika kwamba plastiki huteleza kidole kikitoka jasho. Inawezekana ni kweli. Sioni kwamba ni malalamiko ya kusikilizwa kwa muda mrefu.

Swali gumu zaidi ni kwa nini mageuzi yalisimama. Kwa karne nzima piano ilibadilika karibu kila muongo, kisha kuanzia miaka ya 1880 ikaganda: vibonye 88, chuma, nyuzi zinazokatizana. Wapo wanaosema ilikuwa imefika ukamilifu. Mimi naona sababu za kawaida zaidi: kiwanda kinapenda kipimo kimoja, mwalimu anafundisha alichofundishwa, mashindano yanataka chombo kinachofanana kila mahali. Ukamilifu hauhitaji ulinzi wa namna hiyo.

Kibodi ya umeme imeukaza mgando huo. Iliyoko kanisani Dar es Salaam au Kisumu, ukiiweka kwenye “Grand Piano”, hutoa sauti iliyorekodiwa au kuigwa kutoka kwa piano kubwa ya kisasa, na mtoto anakua akiamini ndiyo piano pekee. Ila teknolojia hiyo hiyo imefungua mlango: zipo programu za kompyuta zinazoiga piano za zamani za mafundi Walter wa Vienna na Broadwood wa London. Mwenye kompyuta na pedali anaweza kuicheza ile sonata ya 1801 kama ilivyoagizwa, bila kuinua mguu, akajiamulia mwenyewe.