Kununua Upepo Dodoma

Naomba kuuliza kwa heshima zote: ni nani aliyeamua kompresa mpya ije na kizibo cha plastiki kwenye tundu la oili, kifanane kabisa na kifuniko halali, halafu onyo lenyewe liandikwe mwisho wa kitabu kwa herufi za ukubwa wa sisimizi? Kile si kifuniko, jamani. Ni cha safarini tu. Kichwa cha mashine kinakuja kikavu kama korongo la mwezi wa kumi. Ukiwasha hivyo hivyo kwa furaha yako, pistoni inakwangua silinda, na muuza duka atakuuliza kwa upole kama ulisoma kitabu.

Na najua unachotaka kusema. Mtu yuko Dodoma, mwezi wa nane, upepo unang'oa mabati Nkuhungu nzima, yeye anaenda kununua mashine ya upepo. Tumeshalisikia. Dereva wa guta aliyeileta alilisema mara mbili.

Oili, basi. Isiwe ile iliyobaki ya bodaboda. Oili ya injini ina dawa za kusafishia, na kwenye kompresa inatoa povu na kugandisha masizi kwenye valvu. Tafuta ya kompresa, SAE 30 au iliyoandikwa VG 100, mimina mpaka katikati ya kile kidoa chekundu kwenye kioo, kisha weka kipumulio chake. Ukipitisha, oili inapanda na upepo, na siku ya kupiga rangi geti, rangi inakimbia vidoti vidoti kama umepaka juu ya sufuria ya mchuzi.

Miguu usiikaze na bolti kwenye zege. Mtikisiko ukikosa pa kwenda unaishia kwenye weldingi za tenki. Weka vipande vya mpira chini, hata katambuga lililochoka linatosha. Acha nafasi na ukuta, feni ipumue.

Umeme ndio utani mwingine. Mota ya hospawa 2 inakula karibu kilowati 2 ikishachanganya, ila wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Wewe umeiunga kwenye ekstensheni ya kuchajia simu, mita ishirini, imeviringwa kama nyoka. Inanguruma mmmmm, haizunguki, na kinachofuata ni harufu. Chomeka kwenye soketi ya ukutani iliyovutwa waya wa milimita za mraba 2.5. Kama karakana iko mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya.

Sasa tunafika kwenye dakika ishirini za kuizoeza mashine. Kabla ya kujaza tenki unafungua koki ya tenki mpaka mwisho na kuiacha mashine izunguke bure, ringi za pistoni zikae sawa na oili ifike kila mahali. Vitabu vingine vinasema dakika kumi, vingine thelathini. Hakuna kinachotaja jirani.

"Mbukwa!"

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Inavuja hiyo."

"Haivuji mzee, imefunguliwa."

"Nani kaifungua?"

"Mimi."

Anakutazama kama mtu anayetazama mtoto wa rafiki yake aliyeharibikiwa. Unamweleza kwamba mashine inazoezwa, kama maksai mpya, huanzi naye na shamba zima. Anafikiri. "Maksai hamwagi upepo," anasema, na anavuta ndoo, anakaa.

Dakika ya sita anaweka kiganja mbele ya koki. "Wa moto," anasema. Dakika ya tisa: "Kwa hiyo unalipa umeme utoe upepo nje, na nje upepo upo." Jambo ambalo ukilitafakari linauma. Dakika ya kumi na mbili unageuka kuchukua kitambaa, mara mlio unakuwa mzito. Geji inapanda, bar mbili, bar tatu. Mzee amefunga koki. Kwa wema kabisa.

"Umeona? Imepona."

Hapo ndipo mtu mwenye adabu zake, aliyetoa shikamoo muda si mrefu, anajikuta akipiga kelele, "Mzee, toa mkono!"

Unafungua, unaanza kuhesabu upya. Hasira ikishuka unafunga koki, tenki inajaa, ila polepole kuliko boksi lilivyoahidi. Tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hata upepo wa hapa tunapunjwa. Inafika bar 8, swichi inakata: psss! Mzee anaruka kutoka kwenye ndoo. Mwambie ni valvu inayotoa presha iliyobaki kwenye bomba la kichwani, ili mota isianze na mzigo. Ni sekunde moja, mbili. Ikilia bila kukoma, valvu ya njia moja kwenye tenki imeshika taka, na hapo mzee atakuwa sahihi. Omba Mungu awe ameshaondoka.

Haondoki. Ana baiskeli. Geji inasema psi 50, dole gumba lake linasema bado. Nyuma yake wako watoto na mpira. Kanuni za soka zinasema mpira ujazwe psi 8.5 hadi 15.6, wao wanataka ulie kama ngoma ya Wagogo, na tenki lako lina psi 116, ndizo zile bar 8. Shusha regyuleta, kile kirungu cha kupunguzia presha inayotoka, kwanza, macho yao ndiyo hayo.

Na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaanza kupiga kelele. Mashine ikizunguka saa nzima, karibu uniti mbili zimekwenda. Mnaohesabu uniti 75 za mwezi za bei nafuu kwa vidole mnanielewa.

Jioni unafungua koki ya chini kutoa maji, yasioze tenki kwa kutu, unang'uta chujio. Kwa vumbi letu, kung'uta chujio ni kazi ya kila wiki. Mzee bado yuko kwenye ndoo, anatazama vumbi likidondoka.

"Kijana wangu, haiwezi kugeuzwa ikavuta?"

"Ivute nini, mzee?"

Ananyoosha mkono kuonyesha barabara, mpaka kule Chang'ombe.