Ujasiri wa kuazima unafaa hadi wapi?

Kijana anayetafuta kazi siku hizi hakosi wa kumwambia: usingoje kujiamini, tenda kama mtu anayejiamini, moyo utafuata nyuma. Wanasema hivyo wakufunzi wa usaili, wanasema wahubiri, na wanaouza semina za mafanikio ndio wanaolisema kwa sauti ya juu kabisa. Nusu ya ushauri huo ninauamini kwa dhati. Nusu ya pili imewatia watu hasara, na ubaya ni kwamba zote mbili hutiwa kapu moja.

Watazame walimu wa field, wale wanachuo wanaopelekwa shuleni kufundisha kwa mazoezi kabla ya kuhitimu. Binti wa miaka 22 anaingia kidato cha tatu na andalio la somo mkononi, chaki imelowa jasho. Uani anapishana na mvulana anayemzidi kimo, anaamkiwa "Shikamoo mwalimu", naye hana budi kuitika "Marahaba" bila kusita, ingawa mtaani pengine wangepeana tano tu. Hakuna anayemuuliza kama anajiona mwalimu. Jina kapewa, vipindi kapewa, madaftari ya mikondo miwili yamerundikwa mezani kwake. Siku za mwanzo anaandika sana ubaoni ili asitazamane na darasa. Wiki zikipita, anauliza swali, ananyamaza, anasubiri mkono unyooshwe. Uwezo wa kusubiri kimya kile bila kukijaza maneno ndio kujiamini kwenyewe, na ameupata kwa kusimama pale kabla hajawa tayari.

Wanasaikolojia wana maneno yao juu ya jambo hili. William James wa Marekani aliandika mwaka 1884 kwamba mwili hutangulia na hisia ikafuata: tunaona huzuni kwa kuwa tunalia, tunaogopa kwa kuwa tunatetemeka. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1977, Albert Bandura alieleza kuwa hakuna kinachompa mtu imani ya kuweza jambo kama kulifanya mwenyewe na likafanikiwa. Hata katika kutibu sonona ipo njia inayoanza na vitendo: mgonjwa hupangiwa ratiba ya kuoga, kutembea, kumjulia hali jirani, pasipo kungoja hamu irudi kwanza.

Basi nusu ya pili, ile ya kuigiza mwonekano tu, ina kasoro gani? Mwaka 2010 watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 42. Walidai kwamba kukaa au kusimama kibabe kwa dakika mbili, mwili umetanuliwa, kunabadilisha hata homoni. Habari hiyo ikazagaa dunia nzima, na watu wakawa wanajitanua chooni kabla ya kuingia kwenye usaili. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake walilirudia jaribio kwa watu 200. Homoni hazikubadilika, ingawa waliojitanua walisema wanajisikia wenye nguvu zaidi. Mwaka uliofuata Carney mwenyewe akatangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa athari ile ni ya kweli. Namheshimu sana kwa hilo.

Watetezi wanasema kujisikia vizuri tu nako kuna faida. Sawa, ila faida hiyo inakufikisha kwenye kiti cha usaili tu. Ukishaulizwa jinsi ya kufunga hesabu za mwezi, mabega hayajibu.

Na kuna wanaokwenda mbali zaidi ya mabega. Elizabeth Holmes alianzisha kampuni ya Theranos mwaka 2003, akavaa sweta nyeusi za shingo ndefu kama Steve Jobs wa kampuni ya Apple, akajinasibu kuwa na mashine ya kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu. Mashine haikuwa na uwezo huo. Mwaka 2022 alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa zaidi ya miaka 11 jela. Huku kwetu kipimo ni kidogo lakini mwendo ni uleule: kijana anachukua mkopo wa kausha damu anunue simu ya bei mbaya na suti, kwa kuwa ameambiwa fursa humfuata anayeonekana ana fedha. Mwisho wa mwezi anazima simu ileile ili wadai wasimpate.

Tofauti yao na yule mwalimu wa field naiona hapa. Mwalimu ana mlezi anayekaa nyuma ya darasa, ana mkufunzi anayetoka chuoni kumkagua, na wanafunzi hawakawii kumwambia amekosea tarakimu. Makosa yake yanaonekana, yanasahihishwa, na hofu inapungua kila wiki. Anayeigiza mafanikio hawezi kumruhusu mtu akague. Kila siku anaongeza kitu cha kuficha, na hofu ya kuumbuka inakua pamoja nacho.

Lipo pingamizi zito, na sitaki kulipita juu juu. Mwalimu wa field amefunguliwa mlango na chuo. Asiye na chuo wala mjomba ofisini nani atampa zamu ya kujaribu? Mtoto wa nyumba yenye nafasi anaingia ofisini na ujasiri aliokua nao. Ukimwambia wa Mbagala asubiri mpaka ajue, umemfungia nje. Na msichana akikaza sauti ileile iliyomletea sifa kaka yake, huitwa jeuri. Kwa hiyo simlaumu anayeazima ujasiri ili agonge mlango. Ninachomsihi ni kuuazima katika mwenendo na kuuacha nje ya maarifa: mtazame msaili usoni, ongea asikie, halafu useme wazi, "Hilo sijalifanya bado. Nililolifanya ni hili."

Jibu hilo linahitaji mwajiri wa kulipokea. Tangazo la kazi ya kuanzia linalodai uzoefu wa miaka mitatu linamwachia kijana njia mbili, kutoomba au kudanganya kwenye wasifu wake. Wiki mbili za majaribio yenye malipo, akiwa na mtu wa kumkosoa, zingemwonyesha mwajiri mengi kuliko saa nzima ya kumtazama anavyokaa kitini.