Kura ya Masharti: Je, Wanawake Walikosea Kupokea Nusu ya Haki?

Mwanamke wa uchagani aliyetaka kupiga kura mwaka 1958, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, hakuzuiwa kwa kuwa ni mwanamke. Sheria ilimruhusu, mradi awe ametimiza miaka 21 na awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au awe ameshika mojawapo ya nyadhifa zilizotajwa. Kwa maandishi, sharti lilikuwa lile lile kwa mume na kwa mke. Kwa vitendo, kihamba, yaani shamba la ukoo, kilirithiwa na mtoto wa kiume, kahawa ilipelekwa kwenye chama cha ushirika kwa jina la baba mwenye nyumba, na stakabadhi ya kahawa ikakaa mfukoni mwake. Ndizi ambazo mama alizibeba kichwani mpaka sokoni, zikanunua chumvi na mafuta ya taa, hazikuacha karatasi yoyote ya kumwonyesha mwandikishaji.

Ndiyo maana sisi wa Moshi tuna sababu yetu ya kulipima swali lililowagawa wanawake wa nchi nyingi: haki inapokuja nusu, ipokewe au ikataliwe?

Uingereza mgawanyiko huo ulionekana wazi. Baada ya miongo ya kukusanya saini, na baada ya wanawake kufungwa na kulishwa kwa nguvu kwa mirija gerezani kwa sababu ya kugoma kula, sheria ya 1918 iliwapa kura wanawake wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza sharti la mali, ilhali wanaume wengi waliipata wakiwa na miaka 21. Umri huo haukuwekwa kwa bahati. Vita vilikuwa vimeua vijana wengi, na wanasiasa waliogopa wanawake wasije wakawa wengi kuliko wanaume katika daftari la wapiga kura. Millicent Fawcett, aliyeongoza kundi lililoshika njia ya amani, aliikubali nusu hiyo. Sylvia Pankhurst, aliyefanya kazi na wanawake maskini wa mashariki ya London, alidai kura ya kila mtu mzima na hakuridhika na pungufu yake. Wanawake wapatao milioni 8.4 waliingia katika daftari, lakini wasichana waliojaza baruti viwandani wakati wa vita, ambao kazi yao ilitumika kama hoja ya kuwapa wanawake kura, wengi wao walibaki nje mpaka 1928.

Wanaomtetea Fawcett wana hoja nzito. Mbunge anayejua kwamba mamilioni ya wanawake watampima kwenye sanduku la kura hawezi tena kuwapuuza kama zamani, na miaka kumi haikuwa mingi kwa harakati iliyokwisha kusubiri nusu karne. Afrika Kusini, hata hivyo, inaivunja hoja hiyo mahali pake penye nguvu zaidi. Mwaka 1930 wanawake Wazungu walipewa kura bila sharti la mali wala elimu, na shabaha mojawapo ilikuwa kupunguza uzito wa kura chache za Waafrika wa jimbo la Cape, ambao mwaka 1936 waliondolewa katika daftari la pamoja. Mwanamke Mwafrika wa nchi hiyo alisubiri mpaka 1994. Hapo nusu haikuwa hatua ya kuelekea kwenye haki kamili. Ilikuwa tofali katika ukuta wa kumzuia mwingine.

Turudi Tanganyika. Mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru, uliofanyika Tabora, Januari 1958, ulibishana juu ya jambo hili hili, ingawa wanawake hawakuwa kiini cha mabishano. Zaidi ya masharti ya elimu na kipato, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake ingeharibika. Zuberi Mtemvu alikataa na akaondoka katika chama. Nyerere alishawishi wengi wakubali. Jimbo la Kaskazini, lililojumuisha Arusha na Moshi, likampeleka Sophia Mustafa barazani akiungwa mkono na TANU. Lakini Bibi Titi Mohamed, aliyeingiza maelfu ya wanawake katika chama hicho kuanzia 1955, alikuwa ameishia darasa la nne. Kwa kipimo cha shule pekee, mwanamke aliyewafundisha wenzake kudai uhuru hakustahili kupiga kura.

Naona uamuzi wa Tabora ulikuwa sahihi, na sababu yangu si kwamba mambo yaliisha vizuri. Waliopita mlangoni mwaka 1958 waliingia kwa nguvu ya watu waliobaki nje, wakiwemo wanawake waliokata kadi, wakachangisha fedha, wakapika kwa ajili ya mikutano na wakaficha siri za chama. Kwa hiyo walikuwa na deni lililojulikana kwa jina na kwa sura. Mwaka 1960 sharti lilishushwa hadi kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha paundi 75, na waliojiandikisha wakafika karibu 885,000. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi, aliingia bungeni mwaka huo na baadaye akawa mwanamke wa kwanza katika safu ya uwaziri. Kufikia uchaguzi wa rais wa 1962, raia mtu mzima hakuulizwa tena darasa wala kipato. Anayesema kwamba wanawake wa Tanganyika walipewa kura kama zawadi ya uhuru anasahau nani aliujenga umma uliouleta uhuru huo.

Hata hivyo, wapinzani wa kura ya masharti wanagusa jambo ambalo tarehe hizi hazilifuti. Sharti la elimu liliacha fikra kwamba mwanamke asiyesoma ana akili pungufu ya siasa, na fikra hiyo bado husikika katika mikutano yetu, ambako mama wa sokoni hualikwa kuimba na kupiga vigelegele kuliko kuuliza swali.

Jambo hilo hilo limo katika viti maalumu vya wanawake bungeni. Vilianza 1985 vikiwa 15, na leo Katiba inataka wabunge wanawake wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Nisingependa viondolewe kabla wanawake hawajapata njia ya haki ya kushindania majimbo, kwa sababu bila viti hivyo Bunge letu lingerudi kuwa baraza la wanaume. Lakini deni la mwaka 1958 lilikuwa kwa wananchi, na deni la mbunge wa viti maalumu liko kwanza kwa chama kilichoandika orodha. Mama anayeuza ndizi Kiboriloni hupiga kura ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya diwani wa kata. Akitaka kumwongezea muda au kumwondoa mwanamke anayeuwakilisha mkoa wake kwa kiti maalumu, hakuna karatasi ya kura yenye jina hilo atakayopewa kituoni.