Kitunguu Saumu Kilinifikisha Kaifeng

Tangu ule usiku wa Novemba 2024, wanafunzi kwa makumi ya maelfu walipofurika katika Barabara ya Zhengkai kwa baiskeli za kukodi kwa simu, wakitoka Zhengzhou, China, kwenda mji jirani wa Kaifeng kula guantangbao, vile vidonge vya unga vya mvuke vyenye nyama na mchuzi ndani, hakuna mgeni anayesoma hapa Zhengzhou ambaye hajaulizwa kama naye amekwishaenda. Njia ni tambarare, imenyooka, na yote ni kiasi cha kilomita 50 tu. Kwa hiyo mimi na mwenzangu, kijana wa Mombasa anayejua kila jambo, tuliondoka alfajiri ya Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, kabla jua halijawa kali. Yeye alikuwa na baiskeli yake yenye gia. Mimi nilichukua ya kukodi, ambayo haina gia hata moja, matairi yake ni mpira mtupu usiojazwa upepo, na kiti chake kiliniarifu habari za kila ufa wa lami.

Inafaa ieleweke kwamba baada ya msongamano wa usiku ule, kampuni za baiskeli zilitangaza kuwa baiskeli ikivuka mpaka wa eneo lake itaonya, kisha itajifunga. Nilimkumbusha mwenzangu.

"Ndugu yangu," akasema, "hayo yalikuwa ya siku zile za vurugu. Nani atahangaika na Mswahili mmoja?"

Tuliyaacha maghorofa ya Zhengdong, tukaingia Zhongmu, wilaya inayosifika kwa vitunguu saumu, ambavyo msimu ule vilikuwa vinavunwa, hata hewa yenyewe ikawa kitoweo. Wazee wastaafu waliovaa suruali za kubana walitupita wakipiga soga bila kuhema. Hapo ndipo sauti ya kike ilipoanza kutoka kwenye kufuli, ikinisihi kwa upole, na mwenzangu akanishauri nisiisikilize. Nilipotua mguu chini ninywe maji, pete ya chuma ikapenya katikati ya spoki za gurudumu la nyuma: ka!

Simu ilikataa kuifungua kwa kuwa niko nje ya eneo, ikakataa kumaliza safari kwa kuwa niko nje ya eneo, lakini malipo iliendelea kuyahesabu bila wasiwasi wowote kuhusu eneo. Mwenzangu alinipa pole, akasema atanitangulia Kaifeng kutushikia meza, akaenda zake.

Nikakiinua kiti na kuisukuma baiskeli kwa gurudumu la mbele kurudi Zhengzhou, ikipinda huku na huku kama mbuzi aliyenusa machinjio. Mtu mzima anayekokota baiskeli iliyofungwa barabarani hana maelezo yanayoingia akilini, hata kwa lugha yake mwenyewe. Mama mmoja alisimama akanirekodi kwa simu.

Kisha likaja guta la umeme lililosheheni vitunguu saumu pamoja na majani yake. Mzee aliyeliendesha alishuka, akaligonga kufuli kwa kidole, akasikitika, akaipandisha baiskeli juu ya shehena na kunionyesha pa kukaa. Nilimwambia "Zhengzhou" tena na tena, naye kila mara akaitikia kwa bashasha, huku guta likizidi kuelekea mashariki. Nilikaa juu ya lile rundo nikiwa nimeikumbatia baiskeli, udongo umejaa masikioni na machozi yananitoka kwa harufu. Mbele kidogo nikamwona mwenzangu ameinama juu ya usukani, anapambana na upepo wa mbele. Nikampigia kengele atupishe.

Mzee alinishusha karibu na ukuta wa mji wa kale, akakataa fedha, akanipa na fungu la vitunguu. Mwenzangu alipofika mgahawani alikuta meza nimeishika mimi, na wateja wa meza za jirani wamehama. Kwa njaa aliyokuwa nayo alilitia guantangbao zima mdomoni badala ya kulitoboa na kunyonya mchuzi kwanza, akawa hawezi kusema wala kumeza.

Wakati huo huo simu ikalia. Alikuwa dada wa kampuni, akiuliza kwa adabu baiskeli iliyofungwa imesafirije hadi Kaifeng. Mwenzangu, ulimi ukiwa bado unawaka, akaidai simu na kumweleza kwamba ilipakiwa na vitunguu saumu. Dada akanyamaza kitambo. Kisha akasema orodha yake ya sababu haina kipengele hicho, hivyo ada ya kuirudisha iko palepale, na kwenye fomu ataandika "upepo".