Ami, Uza ya Lamu Kwanza

Mwenye nyumba moja tu asinunue ya pili kabla hajauza aliyo nayo. Barazani hakuna anayenikubalia. Nimembishia ami yangu, mwenye nyumba ya mawe Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ambaye mwaka huu kaazimia kuhamia Malindi waliko wanawe. Huko kaonyeshwa nyumba maeneo ya Barani, kaipenda, na dalali hamwachi apumue. Wazee wenzake wanamhimiza alipe huko kabla ya kuuza ya Lamu: “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Naye ananigeukia: “Mwanangu, nikiuza hii, nitalala wapi?”

Swali la haki. Lakini nyumba ya mji wa kale haiuziki kama kiwanja. Tangu 2001 mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO, na mnunuzi anajua hawezi kubomoa ukuta na kupandisha ghorofa atakavyo. Mgeni wa nje naye, kwa Katiba ya 2010, hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Wengine huja msimu wa kaskazi, wakapiga picha zidaka, vile vijishimo vya mapambo ukutani, wakasifu daka, ukumbi wa mlangoni, wakaenda zao.

Anayetaka kwa dhati huja na fundi. Fundi hatazami nakshi ya mlango. Anapanda ngazi, anagonga boriti moja moja kwa nyundo, kisha anachokoa kwa kisu pale ncha inapoingia ukutani, maana unyevu na mchwa huanzia huko. Ile inayoitika kwa sauti ya uwazi, anaihesabu kwa sauti, makusudi, mwenye nyumba asikie. Kila boriti iliyooza ni punguzo. Halafu anaongeza gharama ya chokaa, mchanga na punda wa kuvipitisha vichochoroni, na bei uliyoitaja asubuhi haipo tena.

Sasa mweke mnunuzi huyo mbele ya ami ambaye tayari katoa arbuni, yaani malipo ya kushikia nyumba, Malindi. Desturi ni 10% ya bei, na pesa zilizobaki kwa kawaida zinatakiwa ndani ya siku 90. Akichelewa, arbuni iko hatarini. Mji wetu mdogo. Habari kwamba mzee anadaiwa itafika jetini kabla yake. Nani atampa bei ya haki muuzaji mwenye tarehe shingoni? Akiomba mkopo, benki nayo itadai payslipu asiyokuwa nayo, na riba ami haitaki.

Kuna na kodi, ambayo barazani haitajwi kabisa. Ukiuza mali Kenya, serikali inachukua 15% ya faida tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5%. Ila nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 hadi unapoiuza inasamehewa. Ami akihamia Malindi, akapangisha ya Mkomani huku akingoja mnunuzi, msamaha huo anaweza kuukosa. Na huko anakonunua ushuru wa stempu, 4% mjini, unamngoja yeye mnunuzi.

Jambo jingine: kuuza kunafichua. Nyumba nyingi za Lamu bado ziko kwa jina la babu. Mnunuzi akitokea ndipo anazuka mrithi kutoka Mombasa, faili inarudi kwa kadhi, miezi inapita. Ikigundulika ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya dini au ukoo, kwa kawaida haiuzwi. Heri ujue hayo arbuni ikiwa bado mfukoni mwako.

Kuhusu pa kulala: mwambie wakili aandike kwenye mkataba kwamba funguo zitatolewa baada ya muda mtakaokubaliana, hata miezi mitatu baada ya pesa kuingia. Kisha kodi nyumba Malindi, ukae kama mpangaji. Mpangaji atajua kama maji ya kisima yana chumvi na mtaa upi unajaa mvua ya masika. Atapata pia muda wa kuchungulia hati, kwani Malindi ina nyumba zisizo na ardhi: kuta ni zako, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Dalali hana haraka ya kukwambia hilo.

Mwenye akiba ya kununua bila kugusa nyumba ya zamani, hayamhusu haya, anunue leo.

Hoja moja ya baraza ndiyo inayonitia wasiwasi. Pesa za nyumba zikikaa benki zina masikio mengi. Atakuja wa harusi, wa kwenda Uarabuni, wa boti mbovu, na wote ni damu. Ami hajawahi kumnyima mtu. Wanawe wakikubali kusimamia akaunti pamoja naye, sahihi mbili kila pesa inapotoka, auze. Wakikataa, basi mimi mwenyewe nitampeleka Barani akalipe.