Peleka riwaya iliyokwisha, si sura tatu za mwanzo

Kila tangazo la shindano la riwaya linapotoka, maswali ya waandishi wenzangu huwa yale yale: fonti ipi, nafasi kiasi gani kati ya mistari, muhtasari uwe wa kurasa ngapi. Ni nadra mtu kuuliza kama mswada wenyewe umekwisha. Na mara nyingi haujaisha. Kuna sura tatu zilizopigwa msasa mpaka zinang'aa, na nyingine zote bado zimo kichwani.

Mashindano nayo yanachangia. Mengi huomba kwanza kipande cha mwanzo, kisha waliopita mchujo ndio hutakiwa kuleta mswada mzima, tena kwa muda mfupi. Aliyejiambia kwamba atamalizia akichaguliwa hujikuta anaandika katikati ya riwaya akikimbizana na tarehe, na msomaji makini haimpiti hiyo. Mhusika aliyeingia kwa kishindo sura ya pili hatajwi tena hadi anapohitajika kufa. Ndugu wawili waliokuwa wakigombana kwa maneno mafupi, yenye sumu, ghafla wanahutubiana aya nzima nzima, kwa kuwa mwandishi hakupata wasaa wa kubuni tukio ambalo lingelibeba jambo hilo bila maelezo. Mwanzo mzuri hata hadithi fupi inao. Riwaya hupimwa katikati.

Kwa hiyo, kama hujafika nukta ya mwisho na kuusoma mswada wote upya, acha msimu huu upite. Najua inauma, hasa fedha ya tuzo ikiwa nono. Lakini tuzo nyingi hurudi, ilhali msomaji uliyemchosha kwa mswada mbichi si rahisi kumrudisha.

Ukiwa tayari, ingia bila woga. Carmen Laforet alikuwa na miaka 23, jina lake halijulikani, Tuzo ya Nadal ya Hispania ilipotolewa kwa mara ya kwanza Januari 1945 na kwenda kwa mswada wake. Jane Harper, mwandishi wa habari wa Australia, alishinda mwaka 2015 tuzo ya miswada ya jimbo la Victoria, na riwaya ile ikamfungulia dunia. Sisi wa Kiswahili tuna tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na sasa ikijulikana kwa jina la Safal, ambayo hupokea pia miswada isiyochapishwa. Baadhi ya vitabu vilivyoshinda huko vimetolewa na wachapishaji Mkuki na Nyota.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni masharti. Yasome kabla hujagusa fomu, na uanze na kipengele cha haki. Shindano likisema kwamba kwa kushiriki tu, hata usiposhinda, umewapa waandaaji haki ya kuitumia kazi yako, achana nalo, hata zawadi iwe kubwa namna gani. Likiendeshwa na mchapishaji, angalia kama fedha ya ushindi ni zawadi kamili au ni malipo ya awali ya mrabaha, yaani ya fungu lako la mauzo ya kitabu, maana yakiwa hayo hutapata senti nyingine mpaka mauzo yafidie kiasi hicho. Angalia pia kama umekatazwa kuupeleka mswada kwingine wakati unasubiri matokeo. Kusubiri huko kunaweza kuchukua miezi mingi.

Kama waamuzi husoma bila kujua majina, usiishie kufuta jina lako kwenye jalada. Hubaki juu ya kila ukurasa, na hubaki ndani ya sifa za faili, mahali ambapo kompyuta huliandika yenyewe. Shukrani kwa mama na mhariri wako ziondoe pia kwa sasa.

Halafu kuna hili la mitandaoni, ambalo linawagusa wengi wetu tunaotoa hadithi kwa vipande ili kupata wasomaji. Mashindano kadhaa huhesabu hilo kuwa ni kuchapisha, hata kama ni sura chache na hukulipwa chochote. Mengine hayajali. Kufuta sura hizo usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho hakubadilishi ukweli kwamba zilisomwa. Waandikie waandaaji mapema, waeleze ulichotoa na wapi, na jibu lao lihifadhi pamoja na nakala ya masharti ya mwaka huo.